Luis Aparicio: nafasi iliyotoka kwa baba

Msimu wa besiboli wa 1956 ulipomalizika nchini Marekani, waandishi 24 wa magazeti walipiga kura kumchagua Chipukizi Bora wa Ligi ya Amerika. Ishirini na wawili waliandika jina moja: Luis Aparicio, kijana wa miaka 22 kutoka Maracaibo, Venezuela, aliyekuwa na Chicago White Sox. Kura mbili zilizobaki walipata Rocky Colavito wa Cleveland na Tito Francona wa Baltimore, kila mmoja moja. Tuzo hiyo ilikuwa imeanza 1947, na mshindi wake wa kwanza alikuwa Jackie Robinson, mtu aliyeuvunja ukuta wa ubaguzi wa rangi katika ligi kuu. Tangu hapo hakuna mchezaji kutoka Amerika ya Kilatini aliyekuwa ameipata. Aparicio akawa wa kwanza.

Ukizitazama takwimu zake za kupiga, utashangaa. Mwaka huohuo, katika Ligi ya Taifa, tuzo kama hiyo alipewa Frank Robinson wa Cincinnati kwa kura zote, na sababu yake ilionekana hata kwa mgeni wa mchezo: aliupiga mpira ukavuka ukuta mara 38. Aparicio aliuvusha mara tatu tu. Wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.266, wa mchezaji wa kawaida. Waandishi wale walikuwa wameona kitu kingine, na naamini waliona sawasawa. Waliona mikimbio ambayo wapinzani hawakuipata kwa sababu yeye alikuwa amesimama pale, na vituo alivyovichukua yeye mwenyewe kwa mbio baada ya kupiga.

Pale aliposimama panahitaji maelezo. Uwanja wa besiboli una vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi, kila kimoja kiko zaidi ya mita 27 kutoka kwa kinachofuata. Mpigaji akishaupiga mpira hukimbilia kituo cha kwanza, na mpira ukifika huko kabla yake, ametolewa. Akifanikiwa kuvizunguka vyote hadi cha nne, kiitwacho nyumbani, timu yake hupata mkimbio mmoja. Kati ya kituo cha pili na cha tatu husimama mlinzi anayeitwa shotistopu. Wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, na mipira yao mingi inayobiringika ardhini huelekea upande wake. Inambidi aufuate mpira unaoruka ovyo juu ya udongo, aunase, ajiweke sawa na kuutupa hadi ng'ambo ya almasi, yote hayo kwa muda wa pumzi mbili tatu. Mkono ukichelewa kidogo, mkimbiaji ameshapita. Akiwapo mkimbiaji mwingine kituo cha kwanza, shotistopu hushirikiana na mlinzi wa kituo cha pili kuwatoa wawili kwa mpira mmoja. Kazi hiyo ndiyo huwatenganisha walinzi wa kawaida na mafundi. Makocha wengi wako radhi kuvumilia shotistopu asiyepiga vizuri, maadamu anazuia.

Kwa Aparicio, kazi hiyo ilikuwa ya nyumbani kwao. Alizaliwa Maracaibo tarehe 29 Aprili 1934, kando ya ziwa kubwa ambalo mafuta yake yalikuwa yameibadilisha Venezuela kabisa. Disemba 1922 kisima kimoja karibu na Cabimas, upande wa mashariki wa ziwa hilo, kiliruka kwa nguvu na kumwaga mafuta kwa siku kadhaa, na makampuni ya kigeni yakamiminika. Besiboli ilikuwa imeshaingia nchini mwishoni mwa karne ya 19, ikiletwa na vijana wa matajiri wa Caracas waliosoma Marekani, lakini kambi za mafuta ziliupa mchezo huo viwanja, vifaa na wachezaji kutoka matabaka yote. Oktoba 1941 Venezuela iliishinda Cuba mjini Havana na kutwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa. Tangu siku hiyo besiboli ikawa mchezo wa taifa. Nchi nyingine za Amerika ya Kusini zina soka. Venezuela ina besiboli kwanza, soka baadaye.

Baba yake, Luis Aparicio Ortega, alikuwa shotistopu mashuhuri kuliko wote nchini enzi zake. Watu walimwita Mkubwa wa Maracaibo. Pamoja na ndugu yake Ernesto aliendesha timu ya Gavilanes, na kijana Luis alikulia katikati ya glavu, magongo na mabishano ya ukocha. Ernesto, ami yake, alimfundisha mengi ya mwanzo: namna ya kuweka miguu, namna ya kuusoma mpira kabla haujafika. Aliyekuwa mfano wa kuigwa alikuwa baba.

Tarehe 18 Novemba huko Maracaibo ni sikukuu ya Bikira wa Chiquinquirá, mlinzi wa mji, ambaye wenyeji humwita kwa mapenzi La Chinita. Mji mzima huwa nje. Siku hiyo ya mwaka 1953 Gavilanes walicheza na mahasimu wao Pastora, na baba, aliyekuwa amevuka miaka 40, ndiye aliyeingia kupiga kwanza. Akauacha mpira mmoja upite. Kisha akatoka na kumkabidhi gongo mwanawe wa miaka 19, na tangu hapo nafasi ikawa ya kijana. Hakukuwa na haja ya tangazo. Kila aliyekuwa uwanjani alikuwa amemwona yule mzee akilinda eneo lile kwa miaka mingi, na sasa alikuwa ameamua mwenyewe siku, mahali na mrithi.

Nimesoma habari za mabingwa wengi waliowarithi baba zao, na mara nyingi urithi huwa mzigo. Mtoto hulinganishwa, hupungua, hupotea. Kwa Aparicio mambo yalikwenda kinyume, na sehemu ya sababu ni kwamba safari yake haikuishia kwenye kivuli cha baba. Kaskazini, Chicago, alikuwapo Mvenezuela mwingine aliyeshika nafasi ileile.

Huyo alikuwa Alfonso Carrasquel, aliyejulikana kwa jina la Chico. Mjomba au ami wa mtu huwa njia ya kwanza ya kuingia mjini, na Chico alikuwa na ami aliyemtangulia: Alejandro Carrasquel, mrushaji wa Washington, Mvenezuela wa kwanza kabisa kucheza ligi kuu, 1939. Chico alijiunga na White Sox mwaka 1950 na kuchukua nafasi ya Luke Appling, gwiji aliyekuwa ameilinda tangu 1930. Mwaka 1951 alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kuanza katika mechi ya nyota wa ligi zote mbili. Kule kwao alikuwa shujaa wa redio; vijana wa Caracas na Maracaibo walijua kila alichofanya.

Cleveland walikuwa wameanza kumfuatilia Aparicio. Carrasquel akamwambia Frank Lane, meneja mkuu wa White Sox, kwamba kuna kijana Maracaibo asiyefaa kuachwa. Lane akamsajili mwaka 1954. Aliyempendekeza alijua vizuri kwamba kijana huyo hachezi nafasi nyingine isipokuwa yake yeye mwenyewe. Alimsifu hata hivyo.

Aparicio alianzia ligi za chini, Waterloo katika jimbo la Iowa, kisha Memphis mwaka 1955, akiwa na Kiingereza kidogo sana. Kwa mtu wa Maracaibo, mji wa joto la mwaka mzima, majira ya kuchipua ya Iowa peke yake yalitosha kuwa mtihani. Lakini viongozi wa White Sox waliona kile Carrasquel alichokisema. Oktoba 1955 walimpeleka Carrasquel Cleveland, pamoja na Jim Busby, na kumpokea Larry Doby, mchezaji wa kwanza mweusi katika Ligi ya Amerika. Nafasi ya shotistopu ikabaki wazi, na kijana ambaye hajacheza mechi hata moja ya ligi kuu akaambiwa ni yake.

Kocha wake wa kwanza alikuwa Marty Marion, ambaye naye alikuwa shotistopu hodari wa St. Louis na alijua anatazama nini. Aparicio alicheza mechi 152 msimu huo wa 1956. Alifanya makosa, tena mengi, kwa sababu alifuata mipira ambayo wengine wangeiacha ipite. Asiyeugusa mpira haandikiwi kosa. Anayeufikia na kushindwa kuushika ndiye huhesabiwa. Lakini kwa kutupa mipira iliyowatoa wapinzani aliwazidi mashotistopu wote wa ligi yake, na aliendelea kuongoza hesabu hiyo kwa miaka sita mfululizo, hadi 1961. Alisimama nyuma zaidi kuliko ilivyozoeleka, akitegemea nguvu ya mkono wake, na umbali huo ulimpa nafasi ya kuifikia mipira ya pembeni.

Halafu miguu. Mkimbiaji aliyeko kwenye kituo anaruhusiwa kukimbilia kinachofuata mrushaji anapourusha mpira kwa mpigaji. Akifika kabla mdakaji hajautuma mpira huko, kituo ni chake, na wenyewe husema amekiiba. Katika miaka ile ufundi huo ulikuwa karibu kufa. Timu zilipenda kungojea pigo kubwa la kuvusha ukuta, na kumhatarisha mkimbiaji lilionekana jambo la kipumbavu. Mwaka 1950 aliyeongoza Ligi ya Amerika, Dom DiMaggio, aliiba vituo 15 tu kwa msimu mzima. Aparicio aliiba 21 mwaka wake wa kwanza na akawa kinara wa ligi. Akabaki kinara miaka tisa mfululizo, 1956 hadi 1964, akiongeza idadi hadi kuvuka hamsini kwa msimu. Ilifika mahali watu wakasema kwamba Aparicio akipewa kituo cha kwanza bila kupiga, basi amepewa na cha pili.

Kura zile 22, kwa hiyo, hazikuwa za huruma wala za mshangao. Chicago walikuwa wamemuuza mchezaji wa mechi za nyota ili kumpisha, na ndani ya miezi sita hakuna aliyelalamika tena.

Jirani yake uwanjani, kwenye kituo cha pili, alikuwa Nellie Fox wa Pennsylvania, mtu mfupi kama yeye, aliyekuwa ameshakaa Chicago tangu 1950. Wawili hawa walicheza bega kwa bega kwa misimu saba. Fox alizoea kucheza na Carrasquel, naye angeweza kumpokea kijana huyu kwa ubaridi. Badala yake alimfundisha wapigaji wa ligi mmoja mmoja, nani hupiga wapi. Huwezi kuwatoa wakimbiaji wawili kwa mpira mmoja ikiwa unahitaji kutazama mwenzako yuko wapi. Baada ya muda hawakuhitaji. Aparicio alimpa mwanawe mmoja jina la Nelson, jina la Fox.

Mwaka 1959 ndio uliowafanya wakumbukwe. Mmiliki mpya alikuwa Bill Veeck, kocha Al López. Timu hiyo iliuvusha mpira mara 97 tu msimu mzima, idadi ndogo kuliko ya timu yoyote ya ligi zote mbili, lakini iliiba vituo 113, vingi kuliko timu yoyote. Aparicio peke yake aliiba 56. Ligi ya Amerika haikuwa imeona idadi kama hiyo tangu 1943. Mashabiki wa Comiskey Park, uwanja wa White Sox, walipaza sauti wakimtaka akimbie kila alipofika kituo cha kwanza, na timu ikajulikana kote kwa jina la Go-Go Sox. Tarehe 22 Aprili, mjini Kansas City, walipata mikimbio 11 katika zamu moja kwa pigo moja tu zuri. Mengine yote yalitokana na warushaji waliopoteza shabaha na walinzi waliochanganyikiwa. Ninaipenda sana kumbukumbu hiyo kwa sababu inaonyesha aina ya woga ambao timu ile iliuingiza kwa wapinzani.

Tarehe 22 Septemba walikuwa Cleveland, kwenye timu iliyowafuata kwa karibu. Wakishinda, ubingwa wa Ligi ya Amerika ni wao. Zamu ya tisa na ya mwisho, White Sox wanaongoza 4 kwa 2, Cleveland wamejaza vituo vyote vitatu na ametolewa mtu mmoja tu. Pigo moja linatosha kugeuza kila kitu. López akamwingiza mrushaji Gerry Staley. Aliyekuja kupiga alikuwa Vic Power, mwana wa Puerto Rico. Staley akarusha mpira mmoja. Power akaupiga ukabiringika kwa kasi kuelekea katikati, karibu na kituo cha pili. Aparicio akaufikia, akakikanyaga kituo mwenyewe na kumtoa wa kwanza, akautupa kwa Ted Kluszewski kituo cha kwanza na kumtoa wa pili. Mchezo ukaisha, na ubingwa ukaenda Chicago. White Sox hawakuwa wameupata tangu 1919, mwaka ambao wachezaji wao wanane walituhumiwa kuuza fainali kwa wacheza kamari na kuiachia klabu aibu ya miaka arobaini.

Usiku huo mkuu wa zimamoto wa Chicago, Robert Quinn, aliamuru ving'ora vya tahadhari ya mashambulizi ya anga vipigwe kwa furaha. Ilikuwa miaka ya Vita Baridi. Maelfu ya watu waliokuwa hawafuatilii besiboli walitoka nje wakidhani makombora ya Urusi yanakuja, wengine wakakimbilia vyumba vya chini ya nyumba na watoto wao. Quinn alilaumiwa sana.

Ukubwa wa ushindi huo unaonekana ukijua nani waliachwa nyuma. Kuanzia 1949 hadi 1964 New York Yankees walitwaa ubingwa wa ligi hiyo kila mwaka isipokuwa miwili: 1954 na 1959. Mara zote mbili walioshinda walifundishwa na Al López. Fainali kuu ya 1959, iitwayo World Series, White Sox waliianza kwa kuwachapa Los Angeles Dodgers 11 kwa 0, kisha wakapoteza mechi nne kati ya tano zilizofuata. Waandishi walipopiga kura za Mchezaji Bora wa ligi, Fox akawa wa kwanza, Aparicio wa pili, mrushaji wao Early Wynn wa tatu.

Wapo wachambuzi wa baadaye ambao hawakufurahishwa na sifa hizi zote. Husema kwamba mtu anayeanza kupiga katika timu kazi yake ya kwanza ni kufika kituoni, na Aparicio kwa maisha yake yote ya mchezo alifika mara 311 tu katika kila nafasi 1,000. Hesabu hiyo ni sahihi, na ni ndogo kwa mtu aliyepewa kazi hiyo miaka mingi. Makocha wake walimweka mbele kwa sababu ya mbio, na mbio hazimsaidii aliyerudi kuketi. Lakini hoja hiyo humhukumu kwa kazi ambayo hakuajiriwa kwayo. Alishinda tuzo ya Glavu ya Dhahabu, ya mlinzi bora wa nafasi yake, mara tisa kati ya 1958 na 1970. Na alipokimbia, alifanikiwa karibu mara nane katika kila kumi.

Januari 1963, baada ya msimu uliomwendea vibaya, White Sox walimpeleka Baltimore Orioles. Miongoni mwa waliokuja Chicago badala yake alikuwemo Ron Hansen, shotistopu ambaye naye alikuwa Chipukizi Bora wa Ligi ya Amerika, mwaka 1960. Kule Baltimore Aparicio alijikuta kando ya Brooks Robinson, mlinzi wa kituo cha tatu ambaye wengi humhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kuicheza nafasi hiyo. Upande wa kushoto wa Orioles ukawa kama umefungwa. Mwaka 1964 aliiba vituo 57, idadi yake kubwa kuliko zote.

Kisha, kwa msimu wa 1966, akaja Frank Robinson kutoka Cincinnati. Vile vipaji viwili vilivyotunukiwa pamoja mwaka 1956, mmoja katika kila ligi, vikawa timu moja. Robinson akatawala Ligi ya Amerika kwa wastani wa kupiga, kwa kuvusha mpira ukutani na kwa mikimbio aliyoiingiza, na Orioles wakaingia World Series dhidi ya Dodgers wa warushaji Sandy Koufax na Don Drysdale. Waliwafagia 4 kwa 0. Dodgers walicheza zamu 33 mfululizo bila kupata hata mkimbio mmoja. Mechi mbili za mwisho ziliisha 1 kwa 0, na katika mechi za namna hiyo mpira mmoja unaompita shotistopu unaweza kubeba kombe. Hawakupitwa. Huo ndio ulikuwa ubingwa pekee wa World Series katika maisha ya Aparicio.

Mwishoni mwa 1967 alirudishwa Chicago. Timu alikuta imechoka. Mwaka 1970 ilipoteza mechi 106. Ajabu ni kwamba mwaka huo, akiwa na miaka 36, alipata wastani wa 0.313, bora kuliko wowote aliowahi kuupata. Disemba wakamuuza tena, safari hii kwa Boston Red Sox.

Boston kulikuwa na maumivu. Mwaka 1971 alipiga mara 44 mfululizo bila kufanikiwa hata mara moja. Siku zikawa wiki. Rais Richard Nixon, aliyeipenda besiboli, alimwandikia barua ya kumtia moyo. Mashabiki wa Boston nao hawakumzomea. Mwaka uliofuata, Oktoba 1972, Red Sox walikuwa Detroit wakigombea uongozi wa kundi lao. Carl Yastrzemski aliupiga mpira mbali, na Aparicio alikuwa akikimbia kutoka kituo cha kwanza na njia nyeupe hadi nyumbani. Akiizunguka pembe ya kituo cha tatu aliteleza na kuanguka. Alipojaribu kurudi, Yastrzemski alikuwa ameshafika hapohapo, na katika mkanganyiko huo mmoja wao alitolewa. Boston walipoteza mechi hiyo na ya kesho yake, na Detroit wakawapita kwa nusu mechi tu. Nusu hiyo ilitokana na mgomo wa wachezaji wa Aprili, uliofuta mechi bila kusawazisha idadi kwa kila timu. Mtu aliyeiba vituo zaidi ya 500 akaanguka kwenye kituo ambacho hakuhitaji kukiiba.

Alicheza hadi 1973 na kuaga. Misimu 18, mechi 2,599, mapigo mazuri 2,677, vituo 506 alivyoiba. Hesabu ninayoiona kubwa kuliko hizo ni nyingine: katika misimu yote hiyo, kila alipoingia kulinda, alilinda nafasi moja tu. Wachezaji wanapozeeka husogezwa kwenye nafasi nyepesi. Yeye hakusogezwa hata siku moja. Alipostaafu, hakuna mtu aliyekuwa amecheza mechi nyingi kuliko yeye kama shotistopu.

Jumba la heshima la besiboli huko Cooperstown, New York, lilimngojesha. Jina lake lilipigiwa kura kuanzia 1979, na mara ya sita tu, mwaka 1984, ndipo alipofaulu, kwa asilimia 84.6. Aliingizwa pamoja na Harmon Killebrew na Don Drysdale, yuleyule aliyerusha kwa Dodgers katika ile mechi ya mwisho ya 1966. Alikuwa Mvenezuela wa kwanza, na kwa miongo minne iliyofuata hakuna mwenzake wa nchini aliyemfuata. White Sox waliistaafisha jezi yake namba 11 mwaka huohuo.

Nafasi yenyewe haikukaa bila mtu wa kwao. Mwaka 1985 shotistopu mpya wa White Sox, Ozzie Guillén, Mvenezuela, alichaguliwa Chipukizi Bora wa Ligi ya Amerika. Ni Guillén huyo aliyekuja kuwa kocha wa White Sox waliotwaa World Series ya 2005, ya kwanza kwa klabu hiyo tangu 1917. Aliyeurusha mpira wa heshima kabla ya mechi ya kwanza ya fainali hiyo alikuwa Aparicio. Carrasquel alikuwa amefariki Caracas miezi mitano kabla. Mwaka 2006 zikasimamishwa sanamu mbili uwanjani kwa White Sox: Nellie Fox akimtupia mpira Aparicio.

Rekodi yake ya mechi iliangushwa Mei 2008 na Omar Vizquel, wa Caracas. Vizquel alipojiunga na White Sox mwaka 2010 alikuta namba aliyoizoea, 13, imeshikwa na Guillén, kocha wake. Klabu ikamwomba Aparicio ruhusa, naye akakubali namba 11 itolewe tena ivaliwe na mtu aliyempita. Tangu 2004 Mvenezuela anayefanya vizuri zaidi katika ligi kuu hupewa kila mwaka tuzo yenye jina la Luis Aparicio. Uwanja mkubwa wa Maracaibo nao unaitwa Luis Aparicio El Grande, ila huo ni wa baba.

Julai 2017 ligi kuu ilipanga kuwaenzi mjini Miami wachezaji wa Amerika ya Kilatini walioko Cooperstown, wakati wa mechi ya nyota. Nyumbani Venezuela vijana walikuwa wakiuawa katika maandamano ya kuipinga serikali. Aparicio, akiwa na miaka 83, aliishukuru ligi kwa heshima hiyo, kisha akasema hawezi kusherehekea huku vijana wa nchi yake wakifa kwa kupigania uhuru. Hakwenda.